Miandiko Miwili Pambizoni

Makena alipenda kushuka karakana ya vitabu akiwa amependeza. Watafiti wenzake walikwenda kule chini ya maktaba na sweta kuukuu, maana vumbi la vitabu vya kale halimchagui mtu. Yeye Ijumaa ile alikuwa na gauni la samawati, hereni za shanga, na midomo iliyopakwa rangi bila haraka. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kitabu chake kilikuwa kimemaliza kutengenezwa. Ya pili ilikuwa imesimama nyuma ya meza ya kazi, imevaa aproni, na ilipomwona mlangoni ikasahau ilichokuwa ikifanya.

Huyo alikuwa Dhiren, mhifadhi wa vitabu, mzaliwa wa Kingsbury, mtoto wa Wahindi wa Kisumu waliohamia London kabla hajazaliwa. Kiswahili alikipata dukani kwa wazazi wake, kwa mama aliyekataa kukisahau, na ndicho alichomtongozea Makena. Katika maktaba ile yenye ukimya wa kanisa, wawili hao waliweza kuambiana mambo ya kumpandisha mtu joto mbele ya wakubwa wao, na wakubwa wakadhani wanajadili gundi.

Kitabu chenyewe kilikuwa mkusanyiko wa michezo ya kuchekesha ya Kilatini, kilichopigwa chapa zama ambazo mitambo ya uchapaji ilikuwa bado kitu kigeni Ulaya. Maneno yaliyochapwa hayakumshughulisha sana Makena, kwa kuwa hayo yamo katika vitabu vingi. Yeye alifuata yale yaliyoandikwa kwa wino pambizoni na wasomaji wa kale. Katika kitabu hiki wasomaji hao walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu, tena mkali, mwandiko wake umesimama wima. Kila kijana wa mchezoni alipomwambia msichana maneno matamu, mwalimu alipiga mstari na kuandika kando kwamba hapa pasisomwe mbele ya wanafunzi. Wa pili alikuwa na mwandiko mwembamba ulioinama, na alimjibu mwalimu karibu kila ukurasa. Hapa ndipo patamu, aliandika. Wewe hukuwahi kupendwa? Tumesoma, na hatukufa.

Kwa hayo Makena alijenga hoja iliyomtoa kimasomaso. Aliandika kwamba hawa walikuwa watu wa nyumba moja, pengine mume na mke, wakipokezana kitabu kimoja, huyu akigomba na yule akimtania. Hoja hiyo ilimpa udaktari, ikampeleka redioni, na sasa chuo kimoja mjini kilikuwa kimemwalika atoe mhadhara Alhamisi inayofuata. Kila mtu alijua kwamba mhadhara huo ndio mtihani wa kazi ya kudumu. Zaidi ya yote, hoja hiyo ndiyo iliyomtia mapenzini. Siku moja, wakinywa chai kwenye ngazi za nyuma, alimwambia Dhiren kwamba yeye mapenzi anayataka namna ile, mtu wa kumjibu kwenye ukurasa uleule. Dhiren alimshika mkono asimwachie, na chai zote mbili zikapoa.

Sasa Dhiren alikiweka kitabu juu ya mto wa kusomea na kumvutia Makena kiti. Alikuwa kimya kuliko kawaida. Makena alidhani ni mahaba.

Ifahamike kwamba kwa miaka yote ile Makena alikuwa akisoma picha. Kitabu kilikuwa kimevunjika mgongo, na mtu hakuruhusiwa kukifungua. Mpiga picha wa maktaba alikuwa kijana msafi, na kila ukurasa aliunyoosha na kuupunguza kingo ili upendeze kwenye kompyuta. Neno lilipokatika pembeni, Makena alimlaumu mpiga picha akaendelea na kazi yake. Leo ndiyo mara ya kwanza kufungua karatasi yenyewe, akaipitishia kidole pembeni, na kidole kikasimama.

Maneno ya mwalimu yalikuwa yamekatika. Yalifika ukingoni mwa karatasi yakaishia katikati ya herufi. Maneno ya yule wa pili yalikuwa mazima. Kila mstari wake ulikaribia ukingo, ukageuka kwa adabu na kushuka chini. Makena alifunua ukurasa mwingine, na mwingine, na mwingine tena. Palepale alijua maana yake, na hakuhitaji kuambiwa. Wajalidi wa zamani walipokitia kitabu jalada jipya walizikata kingo za karatasi kwa kisu ili zilingane. Aliyeandika kabla ya kisu alipoteza maneno. Aliyeandika baada ya kisu aliikuta pambizo iliyobaki, akajipimia.

"Dhiren," alisema bila kuinua kichwa, "hili jalada ni la lini?"

Dhiren alijifuta mikono iliyokuwa safi. Akamweleza polepole kwamba mjalidi alijaza mgongo wa kitabu kwa karatasi zilizotupwa, na mojawapo ilikuwa kipande cha tangazo lenye mwaka. Mwaka huo ulikuwa zaidi ya miaka mia moja baada ya mwalimu kuandika jina lake na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Mwalimu alikuwa amekwisha kuzikwa, na pengine hata wajukuu zake. Hapakuwa na mume na mke. Hapakuwa na nyumba moja.

"Umejua lini?"

"February."

Makena alihesabu moyoni, ingawa haikuhitaji hesabu. Nje kulikuwa na joto la Juni na watu walikuwa wamelala kwenye nyasi za bustani.

"Na kwa report uliandika nini?"

"Niliandika mgongo umetengenezwa. Hayo mengine sikuandika." Dhiren alikunja ukingo wa aproni yake. "Ulikuwa unaandika lecture. Ulikuwa na raha sana, Makena. Nilisema wacha apate kazi kwanza, halafu nitamwambia."

"Ulitaka nisimame mbele ya watu wote hao niseme kitu si kweli, na wewe umekaa nyuma unanipigia makofi."

"Nilitaka usiumie."

"Nani alikuambia mimi siwezi kuumia?"

Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyomtisha Dhiren. Makena wa kelele alikuwa amemzoea. Huyu aliyekaa amenyooka, mikono juu ya mapaja, hakumjua.

"Unajua kinachoniuma?" aliendelea. "Si kwamba nimekosea. Wasomi hukosea, ndiyo kazi yetu. Ni kwamba uliniangalia ukaona mtoto wa kufichwa habari mbaya. Na mama yako hivyohivyo. Mwaka mzima mimi ni mwenzako wa kazini. Akipiga simu tukiwa tumekaa meza moja, unamwambia uko na watu wa kazi."

"Mummy ana pressure, na wewe unajua."

"Pressure ya mama, machozi ya Makena. Umejifanya daktari wa kila mtu, na dawa yako ni moja tu, kunyamaza."

Dhiren alinyoosha mkono. Makena alisimama, akakifunga kitabu kwa upole, maana kitabu hakikuwa na kosa. Alimwambia asimpigie simu. Akapanda ngazi akiwa ameinua kichwa, akapita kaunta, akamuaga mlinzi kwa jina lake, na hakulia mpaka alipofika kituo cha basi, ambako huko London mtu anaweza kulia atakavyo na asiulizwe.

Shangazi Zipporah, dada ya marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu alipokuja London kutoka Meru akiwa msichana wa shule. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa kunyoosha shuka na watu, na chumba chao cha kupanga pale Kilburn kilinuka dettol na mchuzi. Zipporah hakumtaka Dhiren tangu siku ya kwanza. Si kwamba kijana alimkosea lolote. Zipporah alikuwa amekulia nyuma ya kaunta za maduka ya Wahindi, upande wa wanunuzi, na alikuwa ameamua zamani kwamba hao watu watakuchekea dukani lakini nyumbani hawakufungulii mlango. Alipomwona Makena na macho mekundu hakuuliza ni nani. Alibandika chai.

Alipokwisha kusikia yote, alilipokea la mvulana kwa kichwa tu, kama mtu aliyetabiri mvua. Lililomshughulisha ni la kazi.

"Hiyo karatasi ya mwaka, imeonwa na nani?"

"Dhiren. Na mimi."

"Basi toa lecture yako vile ulivyoiandika. Hiyo kazi ni ya maisha, Makena. Nani ataenda huko kupima pambizo?"

"Nimeshapima mimi, Auntie."

Zipporah alimtazama mpwa wake muda mrefu, akakunja uso. Ndani ya ule mkunjo wa uso kulikuwa na kitu ambacho Makena alikijua tangu utotoni, kile kilichojitokeza kila alipoleta ripoti ya shule. Shangazi alikuwa anaona fahari na hakutaka ionekane. Alisema atabadilisha shifti aje Alhamisi, maana kama ni kuanguka, bora aanguke penye mtu wa kwao.

Makena aliuvunja mhadhara wote na kuuanza upya. Kila aya aliyoifuta ilimuuma, kwa kuwa alizipenda aya zake. Jumapili ulimjia ujumbe kutoka kwa Dhiren. Aliufungua akiwa na hasira tayari, na hasira ikakosa pa kukaa. Hakukuwa na pole wala neno la mapenzi. Kulikuwa na vipimo vya kila ukurasa, picha za kile kipande cha tangazo, na sentensi moja kwamba ripoti ya kitabu ameirekebisha leo na mkuu wake ameshaisoma. Makena aliusoma mara mbili. Alitamani kumjibu na hakumjibu. Vipimo alivichukua vyote.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Walikuja maprofesa, wanafunzi, wauza vitabu vya kale, na wazee wale wa London wanaoingia kila mhadhara wa bure. Safu ya mbele kabisa alikaa Zipporah, koti limefungwa juu ya sare ya hospitali, mkoba mapajani, anamwangalia kila profesa kama mgonjwa aliyekataa dawa.

Makena alianza kwa wachapaji, mji hadi mji. Halafu akaonyesha ukurasa mkubwa ukutani, kingo zake zote, akawaambia wasikilizaji kwamba hoja iliyowaleta pale ni yake, kwamba aliipenda sana, na kwamba si ya kweli. Alisema amekosea. Hakulisema neno hilo kwa kunong'ona wala kuliomba radhi. Alilisimamisha mbele ya watu kama alivyosimama yeye. Akawaeleza kisu cha mjalidi, herufi zilizokatika na zilizobaki nzima. Mwishowe akawaambia kile kilichobaki mkononi mwake, nacho si haba. Yupo msomaji wa pili asiye na jina, aliyekuta makaripio ya mtu aliyekufa zamani, na badala ya kutii akamjibu, akijua hatajibiwa. Alisema wawili hao hawakupendana, hata hawakuonana, na yeye hatawaoza tena kwa nguvu.

Kisha makofi yakaanza nyuma na kuja mbele, na safu ya mbele yakamkuta Zipporah tayari amesimama.

Profesa mmoja aliuliza ni nani aliyekiona kile kipande chenye mwaka. Makena alijua swali hilo litakuja, na alikuwa amelala nalo.

"Bwana Dhiren Chauhan, mhifadhi wa maktaba yetu," alisema. "Alikiona mwezi wa Februari." Mwezi aliutaja makusudi, kisha akaridhika na hapo.

Ndipo alipomwona. Alikuwa safu ya nyuma, amevaa suti, na pembeni yake amekaa mama mfupi mwenye sari ya kijani, sweta jeusi juu yake, na viatu vya kutembelea. Makena aliijua ile pua. Ilikuwa pua ya Dhiren.

Watu walipoanza kutawanyika, mwenyekiti wa chuo alimshika Makena mkono na kumwambia kamati itakaa Jumatatu. Uso wake haukusema heri wala shari. Makena alishukuru akageuka, na yule mama wa sari alikuwa ameshafika.

"Wewe ndiye Makena," alisema, kwa Kiswahili cha Kisumu ambacho London haikukigusa.

"Ndiyo, Mama. Karibu."

"Mimi naitwa Daksha. Huyu kijana ameniambia jana jikoni, mimi nachambua dengu. Mwaka mzima ananiambia mwenzangu wa kazi, mwenzangu wa kazi. Pressure haikupanda. Nilikasirika tu." Alimtazama Makena kutoka kichwani hadi miguuni na hakujificha. "Sitakudanganya, mama. Nilikuwa nimemtafutia Amisha, msichana wa jamaa zetu. Moyo wangu bado haujakubali. Lakini nilisema nije nikuone kwa macho yangu, si kwa maneno yake. Maneno yake sasa nayapima kwanza."

Kabla Makena hajapata jibu la heshima, koti la hospitali lilikuwa limesimama kati yao.

"Haujakubali nini?" Zipporah aliuliza.

Daksha alimtazama. "Na wewe ni nani, dada?"

"Mimi ndiye niliyemlea huyu. Nauliza, moyo haujakubali nini? Msichana anasimama mbele ya wasomi wa mji huu, anawaambia amekosea, na wanasimama kumpigia makofi. Mama Dhiren, zunguka Kingsbury yote, maliza Wembley, utampata wapi mwingine?"

Makena aligeuka kumtazama. Huyu ndiye shangazi aliyeshinda wiki nzima akimwambia amshukuru Mungu ameponea tundu la sindano.

"Kwa hivyo wewe umemkubali mtoto wangu?" Daksha aliuliza.

Zipporah alinaswa, na aliona wazi kwamba amenaswa. "Mimi? Hapana. Lakini mimi nina sababu zangu."

"Na mimi nina zangu."

Walipimana kwa macho, wanawake wawili walioweka watoto wao juu mpaka hapakuwa na mtu wa kuwafikia. Kisha Daksha akauliza hiyo lafudhi ni ya wapi, na Zipporah akasema ni ya Meru, ila uuguzi alisomea Kisumu. Daksha akauliza mwaka gani. Zipporah akautaja. Daksha akasema mwaka huo wao walikuwa na duka la vitambaa karibu na hospitali, na kama alikuwa mwanafunzi basi sare yake ya kwanza ilikatwa kwao. Zipporah akasema kwa ubaridi kwamba sare hiyo ilimbana. Daksha akakubali kwamba fundi wa miaka ile alikuwa mlevi. Wote wawili wakatafuta viti.

Ndipo Dhiren na Makena wakabaki wameangaliana. Alikuwa amekonda kwa wiki moja, au labda ni suti. Makena alitaka kumnyoosha kola. Alifumbata mikono nyuma ili isimwaibishe.

"Nimeanza na Mummy," Dhiren alisema. "Jana usiku baba naye. Sijui sasa niende wapi."

"Alisemaje, Mzee Hemant?"

"Alisema yeye alijua tangu Diwali."

Makena alizuia kicheko kwa nguvu. Hakutaka kupewa kicheko kabla ya haki yake. Alimsogelea kidogo, kiasi cha kuona kope zake, na akamwuliza lile lililompeleka na kumrudisha usiku kucha tangu Ijumaa.

"Niambie kweli, Dhiren. Lecture yangu ilikuwaje?"

Makena aliona maneno yote matamu yakimpita Dhiren machoni moja baada ya jingine, na aliyajua yote, maana ndiyo aliyolishwa mwaka mzima. Kama angemwambia ilikuwa kamilifu, basi kila kitu kimekwisha, na angemuaga kwa heshima na kwenda zake Kilburn na shangazi yake. Dhiren aliangalia viatu vyake, akamwangalia mama yake, halafu akamwangalia Makena usoni na hakukwepesha macho.

"Mwisho wake sijawahi kusikia kitu kama kile," alisema. "Lakini mwanzo ulikuwa mrefu sana. Ile sehemu ya wachapaji ilichosha. Watu wawili karibu yangu walisinzia."

Zipporah aligeuka kwenye kiti chake na kumtazama kijana huyo kama aliyemwagia mtu chai ya moto. Makena alihisi lile neno linamwingia. Sehemu ya wachapaji ndiyo aliyoihangaikia kuliko zote. Iliuma, iliuma sawasawa na pale panapostahili kuuma, na chini ya yale maumivu alisikia kifua chake kikifunguka.

"Wawili?"

Dhiren alijikaza. "Watatu. Ukihesabu Mummy."

Daksha hakukana. Alirekebisha sari yake begani na kusema chumba kilikuwa na joto.

Makena alicheka mpaka hereni zikatikisika, na akaacha machozi yashuke yanapotaka, mbele ya maprofesa, mbele ya mama mkwe, mbele ya shangazi aliyekuwa anatafuta kitambaa mkobani na kujifanya anatafuta funguo. Akamshika Dhiren kola, akainyoosha.

"Mwambie Mzee Hemant atoe suti yake," alisema. "Jumapili mnakuja Kilburn kuniposa. Na ile sehemu ya wachapaji sipunguzi hata neno moja."